Uwanja Tuliowafagilia Wageni

Mjukuu wangu Yohana,

Nisamehe kwa kukaa kimya toka masika. Mtoto anaota meno, halali, nami silali. Kiukoo mimi ni bibi yako, basi vumilia maneno ya bibi anayenyonyesha. Huku Nala sote wazima, ila Dodoma imetufikia mlangoni na mbuzi wa babu yako hawana tena malisho.

Wewe unayesomea upimaji uliniuliza mpango mzuri wa mji uanzie wapi. Nilipokuwa darasa la tano tuliambiwa wapima viwanja wanakuja. Mama akatuamuru tufagie uwanja wetu wa ngoma na wa kupepetea uwele. Tukafukuza watoto, tukahamisha mbuzi, tukaondoa hata mawe ya kukalia. Wapimaji wakakuta peupe, wakadhani hapatumiki, wakanywa togwa, wakapagawanya viwanja. Leo pale ni kuta na mageti.

Sasa wanakuja kupima kipande kilichobaki karibu na zahanati, na roho yangu haitulii. Jana nimemkuta mama ameshika ufagio.

"Mama, safari hii hatufagii."

"Wageni watatuonaje?"

"Watuone tulivyo."

Amenuna mpaka sasa. Lakini watoto watacheza palepale, na wauza mboga watapanga mafungu yao. Nawe ukishakuwa mpimaji, kaa na watu mpaka jioni kabla hujakunjua ramani.

Nitumie ramani ya huku, kubwa, isomeke. Nieleze kwa Kiswahili chepesi namna ya kuandika pingamizi. Nitumie na dawa ya fizi za mtoto. Na wewe mwenyewe, ufike kabla ya wapimaji.