Kigari cha Viti Vitatu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi na mapacha wangu watatu sote tu wazima, na uzuri wa ukoo wetu haujapungua, hasa wangu.

Nimewachomelea kigari cha viti vitatu, kimoja nyuma ya kingine, kwa vyuma chakavu vya karakana. Wenye viwanda wakikiona watafunga milango kwa aibu! Tukitoka, mtaa mzima unasimama. Watu huniuliza, "Wote ni wako?" Nawajibu, "Mmoja wangu, wawili wa akiba." Wengine hunipa pole. Mama yao nilimzika mwaka jana, na pole za msiba nilizipokea zote. Za watoto sizitaki.

Jana sokoni mama mmoja muuza nyanya akaniambia, "Baba, mzigo huu huuwezi. Nipe huyu wa mbele nikulelee." Akamnyanyua kwa mzaha. Kigari nilikipima kwa uzito wa watatu, basi kikabinukia nyuma, wawili wakaanguka chali. Aliyekuwa mikononi mwa mama yule akalia kuliko walioanguka. Hakunyamaza mpaka nilipomrudisha kwa wenzake.

Ndipo nikapata la kujibu barua yako. Najua unamwomba mmoja kwa huruma, na nyumba yako ni kubwa. Lakini simtoi, dada, hata ukoo wote uje na vikao. Anayewapenda aje awapende hapahapa, wote. Chumba kipo. Magoti yako ya kuwapakatia ni mawili tu, najua. La tatu nitakuazima langu.

Ni mimi mdogo wako, fundi asiye na mpinzani,
Baba Watatu