Viatu Mlangoni

Ifakara,
14 Januari 2024

Kwa mwanangu Rosemery,

Hujambo? Sisi huku wazima, isipokuwa sikio langu. Tangu lile teke nililopigwa jeshini Chita halijapona, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Mama yako Yosefina anakusalimu. Usingizi hapati.

Umeondoka bila kuaga. Nimemfunga kaka yako Evod mkanda wangu mweusi, kumkabidhi darasa, mbele ya wazazi wote, watu wanapiga makofi, nageuka nikutafute, kumbe mwenzangu umeshapanda bodaboda kwenda kwa shangazi yako Lupiro. Ndiyo adabu gani hiyo? Najua kaka yako hakufikii wewe. Wewe ndiye umefundisha watoto asubuhi na watu wazima jioni miaka yote hii. Lakini utaolewa, na darasa la karate nililolianzisha kwa jasho langu litahamia kwenye ukoo wa watu. Hata shamba la Idete nimempa Evod, mbona hukununa?

Rudi. Watoto wadogo hawamwelewi kaka yako, anawafokea.

Baba yako,
Barnaba


Lupiro,
2 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Pole na sikio. Mimi na shangazi Paulina hatujambo. Mwambie mama nakula vizuri.

Kwa hiyo wanafunzi nao ni majaruba ya mpunga, unamgawia umpendaye? Unakumbuka nikiwa darasa la tatu, ulinipiga teke la mbavu nikalia, "Baba!" Ulinitoa nje ya ghala letu la mazoezi, ukanivalisha kandambili, ukasema: "Ubaba wangu unakaa hapa mlangoni na viatu. Ukiingia ndani, mimi mwalimu, wewe mwanafunzi kama wengine." Nikavua, nikarudi, nikapigwa tena. Tangu hapo sikukuita baba mle ndani, hata siku niliyovunjika kidole. Wenzangu wengine walidhani mimi yatima. Sasa nakuuliza: siku unamfunga Evod mkanda, ulikuwa umevua viatu?

Darasa lako kaa nalo. Mimi nimeanzisha langu hapa, juu ya turubai la shangazi la kuanikia mpunga. Watoto wa wakulima na wa wafugaji wanaangushana na kucheka. Ninachotaka kwako ni sahihi tu. Mtihani wa mkanda mweusi ni Agosti, Morogoro, na bila mwalimu wangu kusaini hawanipokei. Fomu hiyo hapo ndani ya bahasha.

Mwanao,
Rosemery


Ifakara,
19 Mei 2024

Mwanangu Rosemery,

Habari za huko? Huku mvua imetutesa, maji yamefika mpaka kizingiti cha ghala. Mama yako alikuwa na malaria, sasa anaendelea vizuri.

Nimekawia kujibu kwa aibu. Evod amewafundisha watoto kurushana kabla hawajajua kuanguka. Mtoto wa Margareta, jirani yetu, amevunjika mfupa wa bega. Wazazi wanaondoa watoto wao mmoja mmoja, na kaka yako anasema karate ya siku hizi ndivyo ilivyo. Karate ya siku hizi! Jamani.

Fomu ninayo. Rudi kwanza. Mbele ya watu mkanda ubaki kwake, ila wewe ufundishe. Mambo yakitulia nitasaini. Sahihi haiozi.

Baba yako,
Barnaba


Lupiro,
1 Juni 2024

Baba, shikamoo. Mpe mama pole.

Sirudi. Kusaini au kutosaini, hilo ni lako.

Mwanao,
Rosemery


Ifakara,
30 Julai 2024

Rosemery,

Hali yako sikuulizi, nimeiona kwa macho yangu. Jumamosi nimepanda bodaboda, na mgongo huu, na vumbi lote lile, mpaka Lupiro. Nimekuta darasa linaendelea. Nakanyaga turubai nije kwako, kibinti kimoja kinasimama mbele yangu: "Babu, viatu." Mimi! Nikakutazama useme, "Huyo ni baba yangu, mwache apite." Ukasimama kimya, mikono nyuma. Watoto wote wananikodolea macho miguuni. Nikageuka.

Fomu ilikuwa mfukoni mwa koti, nimeshaisaini. Nimerudi nayo Ifakara na itakaa humo humo.

Baba yako, kama bado unakumbuka


Lupiro,
2 Septemba 2024

Baba, shikamoo. Natumaini wote ni wazima.

Mtihani umepita. Kibinti yule anaitwa Nyamizi, baba yake ana ng'ombe huku kwetu. Hakujui. Alifanya nilivyomfundisha, nami nilimfundisha ulivyonifundisha wewe. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nasubiri uvue. Ungevua tu, ningekuinamia mbele yao wote niwaambie, huyu ndiye mwalimu wangu. Ukanipa mgongo.

Nimebaki na mkanda wangu wa kahawia. Watoto hawajui tofauti. Mimi naijua, na inaniuma kila ninapoufunga. Usiniandikie tena.

Rosemery


Ifakara,
24 Novemba 2024

Mwalimu Rosemery,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo. Najua ulinikataza kuandika.

Evod ameuza magodoro ya mazoezi na kwenda Dar. Mkanda kauacha kwenye msumari. Ghala wamepanga watu wa mbolea.

Jana nimekuja. Nilivua viatu mbali kabisa na turubai, nikakaa nyuma pamoja na wazazi. Nyamizi akaniletea kigoda. Ukaniinamia kama unavyomwinamia mgeni yeyote. Sawa. Mle ndani sina ubaba, sheria niliitunga mwenyewe.

Darasa lilipokwisha nikavaa viatu, nikafunga kamba taratibu, nikasimama kando ya njia. Nje mimi ni baba yako. Nilikuwa nasubiri shikamoo yako tu, na marahaba ilikuwa tayari mdomoni. Ukapita na turubai kichwani, karibu kabisa, chembe za mpunga zikanidondokea begani.

Labda hukuniona, turubai lilikufunika uso. Nimejiambia hivyo njia nzima mpaka darajani. Kama ndivyo, niandikie hata mstari mmoja. Fomu bado ninayo, na mwakani kuna mtihani mwingine. Nisipopata jibu, nitajua uliniona.

Baba yako,
Barnaba