Maji Anayochemsha Mama

Dada yangu,

Shikamoo. Huku tunasukuma siku. Jirani amepaka geti lake rangi ya bluu, na mama bado anagombana na paka wa watu. Lile uliloniuliza kwenye simu nikababaisha, jibu lake ni hili: Kasuku haongei tena. Mwanangu huyo aliyekuwa hanyamazi hata chakula kikiwa mdomoni, sasa ukimwita anakutazama tu.

Daktari alipima damu yake, kisha maji ya bomba letu. Yana risasi, ile metali ya mabomba ya zamani yaliyofukiwa chini ya mtaa. Nikamwambia haiwezekani, mama huchemsha maji ya uji wa mtoto mpaka yanabaki nusu sufuria. Mtaa mzima unamsifu! Daktari akavua miwani. Akasema moto huua vijidudu tu, risasi haitoki na mvuke. Maji yakipungua, yanayobaki ndiyo yenye sumu zaidi.

Nitamwambiaje mama, dada? Kasuku ndiye mboni ya jicho lake. Kila akichemsha, nayamwaga kisirisiri najaza ya chupa. Jana nilichelewa kutoka kazini, nikakuta bakuli la uji limelambwa likatakata. Njoo umwambie wewe, mimi mdomo haufunguki. Njoo upesi.

Hivi ninavyoandika, namsikia jikoni anabandika sufuria. Anambembeleza mtoto: "Vumilia, mjukuu wangu, utapona. Leo bibi atayachemsha zaidi."

Naenda kuyamwaga.

Mdogo wako