Mdomo wa Alfonsi Uliobaki Ziwani

Haya, msomaji wangu, leo ndio umenikumbuka. Ulikuwa wapi siku zote hizi? Naandika humu peke yangu kama mwehu anayesema na ukuta, na wewe hata kuchungulia hakuna. Hata kuniuliza Bibi umelala vipi, hakuna. Kaa basi. Usichague kiti, vyote vimelegea miguu.

Ni Alhamisi. Ukungu umeikalia Kitura, kijiji chetu cha mlimani, tangu alfajiri, na shavu langu la kushoto limevimba kama nimeficha kiazi.

Wageni wa ukurasa huu mjue mapema: shule sikuikanyaga. Baba alisema msichana jembe linamtosha. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, jioni, tumekaa juu ya magunia ya kahawa. Simu hii ya kupapasa nimeizoea kwa ubishi tu. Nikikosea mahali, soma ulivyoelewa, usinirekebishe.

Nina hofu. Nimeandika, basi, huwezi kunicheka zaidi ya ninavyojicheka.

Wiki iliyopita binti yangu Gaudensia alinipeleka Mbinga mjini kwa daktari wa meno. Daktari mwenyewe binti mdogo, vidole vyembamba, aliniamkia vizuri. Akaangalia, akagonga jino, nikaona nyota mchana. Akasema limeoza hadi mzizi na limetunga usaha, na majirani zake wawili hawafai tena. Lazima yang'olewe. Kidonda kikipona atachukua chapa ya mdomo wangu, anitengenezee meno ya kutafunia. Akanionyesha kijisahani cha chuma wanachotilia ule udongo laini wa kuuma. Kisha akataja bei, na nusu inatangulia.

Gaudensia aliinua macho darini. Macho yale nayajua. Alikuwa anaziaga bati za nyumba yake, zile anazozidundulizia fedha.

"Tutalipa, daktari," akasema.

Binti yule akanigeukia. "Bibi, nakupa dawa ya usaha, lakini usikae nayo ukaona umepona. Huu usaha ukishuka shingoni utakuziba pumzi. Jumatatu nakusubiri."

Jumatatu asubuhi nilipanda gari, nikaenda kinyume. Nikashuka ziwani kwa mdogo wangu Kolumba. Nilimwambia nimefuata dagaa. Mtu mwenye jino bovu amefuata dagaa! Kolumba akaniangalia shavu, akanitandikia mkeka.

Si bei iliyonikimbiza, ingawa bei ile inamkimbiza mtu. Ni kile kijisahani.

Sasa nikueleze.

Alfonsi, mume wangu, alikuwa katekista wa kigango chetu. Padri alipanda kutoka Mapera mara chache. Jumapili zilizobaki sauti ya kanisa ilikuwa yake. Na alikuwa mtu wa kucheka. Mwenzake aliyeniposa alikuwa na mbuzi wengi, lakini alicheka kwa pua. Alfonsi alicheka kwa mdomo wote, mpaka kile kijino chake cha pembeni kilichokaa upandeupande kikaonekana. Nikachukua hicho kijino, mbuzi nikawaacha.

Halafu likaingia soko huria. Zamani kahawa yetu ilikwenda kwenye ushirika, unangoja malipo mpaka unasahau ulimpa nani. Mara tukaona wanunuzi binafsi wanakuja na mizani zao, leo huyu, kesho yule, kila mkulima anawahi bei nzuri kabla haijashuka. Alfonsi naye akataka kuwahi. Akafunga gunia nyuma ya baiskeli, akateremka mlima na breki za kubahatisha. Mawe ya kijitoni yakampokea. Meno yake ya mbele, ya juu yote, yakabaki pale pale; kile kijino cha pembeni tu kikapona.

Hospitali nako mambo yalikuwa yamegeuka. Tulizoea kutibiwa bure, tukakuta dirisha la kulipia. Wakamwambia meno ya bandia ni mpaka Songea, wakamtajia bei. Njiani tukirudi aliirudia bei ile polepole, kama mtu anayejaribu neno la lugha ya watu.

Jumapili alipanda kusoma, na pengo likapiga mluzi. Kila neno lenye upepo lilitoka na mluzi wake. Watoto wakacheka, kisha na mama zao. Mimi nilikuwa nimekaa mbele. Niliuma mtandio.

Hakusoma tena.

Ndipo akaja fundi wa meno. Aliingia kutokea upande wa Kingerikiti, koti safi, kisanduku cha bati mkononi. Alisema bei ya hospitali ni ya kuwalipia madaktari magari yao, yeye anachukua nusu yake, na kahawa anapokea. Leo anachukua chapa za midomo, anakwenda kutengeneza, maharage yakikomaa anarudi na meno yetu.

Wazee wakamkaribisha sengu. Nyie wa mbali hamjui sengu. Ni wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwa babu yao, kila mke analeta chungu chake, na mambo ya ukoo yanasemewa hapo hapo. Mgeni akishakula sengu ni mtu wa ndani. Humwulizi tena kwao wapi, nani anamjua, ataonekana wapi akichelewa. Kumwuliza ni sawa na kumtapisha ulichompa.

Maharage ya siku ile nilipika mimi. Niliyatia karanga. Alisifu mpaka nikaona aibu.

Baada ya kunawa akawang'atisha watu nta iliyolainishwa kwa moto, mmoja mmoja. Kila chapa akaimiminia plasta, ile ya kufungia mfupa uliovunjika, ikaganda, likatoka umbo la mdomo wa mtu, jeupe, na mapengo yake. Alfonsi alilishika lake, akanionyesha. "Mama Gaude, mimi huyo." Fundi akaondoka na magunia yetu ya kahawa, na midomo yetu ndani ya kisanduku.

Maharage yakakomaa. Tukayavuna, tukayala, tukapanda mengine.

Hakuna aliyejua pa kumfuata, maana hakuna aliyeuliza.

Alfonsi alianza kuziba mdomo kwa mkono akisema. Halafu akaziba akicheka. Halafu akaacha kucheka, mkono ukabaki. Aliishi hivyo miaka mingi, mtu mwenye mkono mmoja wa kufanyia kazi. Alipokufa kwa kifua, mkono ulikuwa pale pale mdomoni. Niliutoa mimi, nikaufungia rozari.

Kahawa hainiumi. Kahawa ilizaa tena. Kinachonikalia ni kwamba nilimzika mtu ambaye mdomo wake unatembea na mtu mwingine. Nikiinama kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, nausikia mluzi ule wa Jumapili nyuma yangu. Nageuka. Majani tu yanapepea.

Nimemlaani yule fundi. Nimemlaani nikipalilia, nimemlaani nikiwa kwenye foleni ya komunyo, Mungu anisamehe au asinisamehe, yeye ndiye anajua.

Basi, ziwani. Jumanne jino lilinishika mpaka sikio. Kolumba akasema nenda kwa Mzee Abdala, duka la karibu na gati, ana karafuu; babu yake alitoka pwani nazo na ukoo wao haujawahi kukosa. Nikaenda nimefunga shavu kwa kanga.

Nilimkuta mzee mkavu, kofia ya mkono, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Lakini ngoja kwanza, mbona kama wewe ndiye mkubwa?"

"Mkubwa nani? Angalia hizo mvi zako!"

"Zangu za madeni hizi, Bi mkubwa. Zako ndio za umri." Akacheka. Akanihesabia karafuu kwenye kipande cha gazeti. "Jino?"

"Jino."

"Watu wa mlimani na meno! Na yale ya kwenu mengine hamjayafuata mpaka leo."

Nikamwuliza meno gani. Akasema yapo ndani, kuna fundi mmoja aliyaacha, zamani, wakati soko huria ndiyo linaingia. Anasema hivyo huku anafunga karafuu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Nilimwambia ayalete.

Alikwenda nyuma akarudi na kopo kubwa la biskuti, picha yake imefutika. Akalifungua. Vilikuwa vimefungwa kwa vitambaa, kimoja kimoja, kama mayai. Akafungua cha kwanza, nikamjua Mzee Kasiani, jirani yetu wa bondeni, kwa yale meno ya sungura. Cha pili, mama mkwe wa Kolumba. Kopo la biskuti limejaa majirani zangu, na karibu wote nimewalia matanga.

Cha Alfonsi sikusubiri kifunguliwe. Nilikipapasa kikiwa ndani ya kitambaa. Pengo la mbele. Kidole gumba kikaenda chenyewe pembeni, kikakuta kijino kilichokaa upandeupande.

Jina limeandikwa kwa penseli chini yake. Sikulisoma.

"Alikuambiaje huyo mtu?" nikamwuliza.

"Alilala kwangu akisubiri meli. Alisema bei ya ile dawa nyekundu ya kutengenezea ufizi wa bandia imepanda, kila kitu kilipanda mwaka ule, anakwenda Kyela kutafuta ya nafuu. Akaniambia, Abdala, hizi ni amana za watu, wenyewe wakija wape. Meli ilirudi. Yeye hakushuka."

"Alikufa au alitukimbia?"

"Sijui, Bi mkubwa. Ningekuambia nini? Sijui."

"Na wewe ukaweka miaka yote hii."

"Ni amana. Leo ningezitupa, kesho asimame hapo mlangoni, ningemjibu nini?" Akavua miwani, akaifuta. "Kila mwaka nikipaka chokaa duka nazitoa nje, nazifuta vumbi, narudisha. Nikawa najisemea, watu wa mlimani hawa, labda waliona wanaweza bila meno."

Siku moja tu ya kuteremka. Alfonsi angeteremka kwa miguu, kwa magoti angeteremka. Mdomo wake ulikuwa dukani kwa mtu mwaminifu, unafutwa vumbi kila mwaka, na yeye juu mlimani ameziba pengo kwa mkono. Fundi mwingine angeweza kutengeneza meno kwa umbo lile lile. Hatukujua. Tulimpa mtu chakula tukaona aibu kumwuliza kwao, na mtu ambaye hajawahi kuonja chungu changu ndiye aliyetutunzia.

Nililia pale dukani, mbele ya wateja. Mzee Abdala akakataa kulipwa karafuu.

Jana nimerudi. Alfonsi nimemweka dirishani. Wengine nimewaacha kwenye kopo kule dukani. Watoto wao nitawaambia mwenyewe, waende wakawachukue wazazi wao. Nilimweka kwanza akiangalia ukutani kwa sababu nilimwogopa, meupe yale, hayana midomo, hayana ndevu. Kisha nikaona vibaya, nikamgeuza aone uwanja. Tangu hapo kila nikipita namwona. Nikiweka maji jikoni najua yupo. Asubuhi hii nimemsikia akipiga mluzi, na safari hii sikugeuka. Nilimjibu. Nilimwambia, nyamaza kwanza, natafuta chumvi.

Na yule fundi nifanyeje? Nimemlaani mtu ambaye labda alizama, labda aliugua kwenye chumba cha kupanga akitafuta ufizi wa Alfonsi. Au anakula kahawa yangu mpaka leo na wajukuu zake. Sina pa kuiweka hasira hii tena. Naizungusha kama mtu aliyeshika sufuria ya moto na hakuna kigae cha kuitua.

Gaudensia amefika adhuhuri. Hakunigombeza. Afadhali angegombeza. Amekaa mlangoni, ameliona lile umbo, amekigusa kile kijino, akaziba mdomo wake kwa mkono.

Kwa mkono ule ule. Kama baba yake.

Nimemwondoa mkono kwa nguvu. Nimemwambia, "We mtoto, usinianzie!" Akaanza kulia, kisha tukacheka, na shavu likaniuma mpaka nikakaa chini.

Kumeza maji sasa ni kazi. Uvimbe umeteremka chini ya taya, naushika hapa ninapoandika, na una moto. Neno la yule binti daktari ninalo sikioni. Sitaki kufa nimefunga mdomo. Mmoja katika nyumba hii anatosha.

Kwenye gari la kesho asubuhi la kwenda Mbinga tumewekewa nafasi mbele. Nitakwenda na Alfonsi kwenye kitambaa chake. Nitamweka juu ya meza ya yule binti kabla hajavaa glovu, nimwambie: huyu alingojeshwa, mimi usiningojeshe. Halafu nitamwuliza yale ambayo wazee wangu waliona haya kuyauliza. Kwenu wapi? Baba yako nani? Ukichelewa, nikufuate mlango gani? Akijibu, nitafungua mdomo. Kijisahani chake nacho, siku yake ikifika, nitakiuma. Maharage ya karanga atakula baadaye, meno yakiwa kinywani mwangu.

Nimemwambia Gaudensia bati zake nitazilipa kwa kahawa ya msimu ujao. Amesema, "Mama, wewe pona kwanza." Tutaona nani mbishi.

Na wewe uliyepotea, ukija tena usibishe hodi ukiwa umeinama na kiganja mdomoni kama mgeni wa adabu. Simama pale uwanjani, penye jua, ucheke kwa mdomo wote, nikuone meno. Kisha ndiyo uingie.