Ukoo wa Seli Si Ukoo wa Mama

Baba,

Nakuamkia wewe na wote wa hapo Masaba. Mimi mzima, baridi ya Glasgow inauma, ila kazi ya maabara inakwenda. Egesa analalaje? Uvimbe wa shingoni umepungua? Na mama nimjulie hali wapi, ikiwa hayupo kwake?

Nina hasira, Baba, na sitaifunika kwa adabu.

Nilipopiga simu kueleza kipimo cha damu cha mdogo wangu Egesa, nilisema seli nyingi zimeonekana za ukoo mmoja. Nilitafuta neno litakaloeleweka katika nyumba ya makabila mawili, ya Msamia aliyeoa Mjopadhola wa Tororo. Baba mkubwa Barasa akadakia, akimwambia mama: "Ukoo mmoja? Basi si wetu. Shemeji, ugonjwa wenu huo, urudishe Tororo." Watu wakacheka. Wewe ukakohoa tu. Kesho yake mama akafungasha akaenda kwao.

Ukoo niliousema ni wa seli zilizozaliwa na seli moja ndani ya mwili wa Egesa. Hazikutoka Tororo wala Masaba. Tena kipimo hicho peke yake hakithibitishi kansa. Seli ya kinga ikipambana na virusi inaweza kuzaa nyingi zinazofanana, kisha zikapungua zenyewe. Ndiyo maana daktari anataka kuziangalia kwa hadubini, kusoma alama zilizo juu yake, na kupima tena baada ya wiki kadhaa. Ukoo uleule ukizidi kukua, na hayo mengine yakikubaliana nao, hapo ndipo atasema ni leukemia, yaani kansa ya damu. Mmemfukuza mama kwa jibu ambalo hata daktari hajalitoa.

Na sasa Egesa hataki kurudi hospitali. Aliniambia, "Dada, kama damu yangu ni ya kwao, si wanirudishe na mimi?" Ikiwa ni leukemia kweli, kila wiki anayosusa inampa ugonjwa nafasi.

Kwa hiyo nenda Tororo wewe mwenyewe. Usimtume Barasa, usipige simu. Wakwe wakikukalisha uani mchana kutwa bila kukupa hata maji, kaa. Mama akitoka, mwombe radhi mbele yao, kisha mpelekeni mtoto pamoja.

Nisalimie shangazi wa Bulumbi anayempikia Egesa uji, na dada Nekesa aliyethubutu kuniambia kwamba mama ameondoka. Baba mkubwa simsalimu.

Ni mimi binti yako, na wa mama vilevile,
Nabwire