Kiu ya Shekhe Mudathir

Ngamiani, Tanga
20 Februari 2025

Kwa mpendwa shangazi yangu Saleha,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limekuachia usali kwa raha. Sisi huku hatujambo. Machungwa uliyotuletea kutoka Muheza yaliisha siku ileile, na watoto wanakuulizia wewe na machungwa, sijui kipi kwanza.

Kitabu chetu cha historia ya falsafa ya pwani kinachapwa tangu Jumatatu. Unakumbuka mhariri wetu, Anold, alivyoshikilia kwamba haingii mtu asiye na maandishi, au angalau wanafunzi wanaomtaja. Ndiyo maana sura ya nne nilimpa marehemu mumeo, Shekhe Mudathir. Miaka miwili nilikurekodi ukiwasomesha akina mama, na kila hoja nzuri uliifungua kwa kusema kwamba marehemu alikuwa akisema. Nami, msomi mzima, nikaandika hivyo hivyo.

Mwezi uliopita nilikuwa napitia ile hoja yako tamu, kwamba sauti iliyorekodiwa na kutumwa kwa simu si mtu, kwa kuwa mtu unaweza kumkatiza. Nikacheka, kisha nikaganda. Shekhe alifariki mwaka tisini na moja. Hizo sauti za simu alizisikia wapi?

Nikaenda Tongoni kwa shemeji yako, Mzee Sabiri. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Alinieleza kuwa pale barazani kwenu, kila lilipokuja swali gumu, kaka yake alishikwa na kiu. Akiingia ndani kwako kunywa maji, hutoka na jibu. Nilipomuuliza mbona kaka yake hakusema ukweli, akaniambia marehemu alitaka sana kusema, ila wewe ndiye uliyemkataza, ukidai nyumba haihitaji mashekhe wawili.

Nilikasirika, shangazi. Nilimkasirikia Anold na sharti lake, nikajikasirikia mimi niliyekaa mkekani pako miaka yote ile nisikuone. Halafu nikaogopa. Hamkujaaliwa mtoto, na najua unamtaja ili asisahaulike. Niliona kama nakwenda kukufishia mume mara ya pili.

Sasa naungama: jina lake nimelitoa. Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilijua utakataa. Sura ya nne ni yako, kwa jina lako na la baba yako. Anold alilalamika, akaisoma upya, akaipitisha. Ukitaka kunigombeza, nitakuja Ijumaa ijayo nikae nisikilize mpaka uchoke. Nakupenda, na sijuti.

Nisalimie majirani na akina mama wote wa darasani, hasa Bi Zuwena.

Marehemu sikumtupa. Kwa kuwa Anold alitaka orodha ya wanafunzi, nimeiandika, na wa kwanza kabisa ni Shekhe Mudathir, aliyesoma kwa Bi Saleha miaka thelathini na moja.

Mwanao,
Sabra