Makaa ya Karatasi

Bigwa, Morogoro
14 Juni 1995

Kaka Mwinjuma,

Shikamoo. Huku baridi ya mlimani imeshuka na goti la mama linamsumbua, ila makaa yake yanauzika. Bado analoweka karatasi chakavu ninazomletea kutoka benki, anazifinyanga na vumbi la mkaa, kisha anaanika madonge uani. Majirani wanasema yanadumu motoni kuliko mkaa wa gunia.

Kaka, kuna jambo. Tangu benki za watu binafsi ziruhusiwe, meneja wetu alikuwa akiandika mpango mkakati wa tawi: idara zipi zifungwe, akina nani wapunguzwe. Wiki iliyopita mpango huo ulipotea ofisini kwake. Wanasema umeuzwa kwa washindani. Mlinzi, Mzee Kibwana, ndiye mwenye funguo, na sasa yuko mahabusu.

Siku ile mimi, nikifagia, nilizoa karatasi za sakafuni kando ya meza ya meneja, bila kuzisoma. Juzi, kwenye donge moja pale uani, niliona neno "watakaopunguzwa" bado linasomeka. Nililiponda kwa kisigino.

Nikisema, jina la kwanza kupunguzwa litakuwa langu. Nisiposema, sijui. Mama hajui lolote.

Jana mke wa Mzee Kibwana alikuja kuomba makaa. Mama alimwonea huruma, akamjazia ndoo, akakataa hela. Mimi ndiye niliyemtwisha.

Mdogo wako anayekungoja umwambie la kufanya,
Mwanahawa